Maswali na majibu: Volti zinazopotelea njiani

Safari hii ni redio za kurusha na kupokea za kujiundia, zile zinazokuja vipande kwenye pakiti ukachomelea mwenyewe.

*Shikamoo fundi. Niko Nansio, redio yangu ni ya mita 40, natumia betri ya sola. Usiku nikibonyeza ufunguo wa Morse, mlio unateleza, wenzangu wananicheka. Mchana uko safi. Nimeambiwa nitoe regyuleta ya 7809.*

Marahaba. Usiitoe kwanza. Umesema mwenyewe kwamba mchana uko safi, na mchana paneli inachaji, betri iko juu ya volti 13. Usiku paneli imelala. 7809, yaani kile kipande kinachoshikilia volti zisipande wala kushuka, inatoa volti 9, lakini ili itulie inataka kama volti 2 zaidi upande wa kuingia, yaani 11. Sasa piga hesabu ukiwa unarusha: betri 12.3, toa 0.6 iliyoliwa na waya mwembamba na fyuzi, toa 0.7 ya dayodi ile ya kulinda redio nyaya zikigeuzwa. Imebaki 11 kamili, huna akiba hata kidogo. Betri ikichoka kidogo tu, zile volti 9 za osileta (saketi inayotengeneza masafa ya redio) zinashuka kila unapobonyeza, na masafa yanateleza nazo.

Hakikisha kwa mita: ncha nyekundu mguu wa kuingia wa regyuleta, nyeusi mguu wa kati, kisha bonyeza ufunguo huku redio ikirushia mzigo bandia (rizista) wa omu 50 badala ya antena. (Kama leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, haijatoka, baki kwenye huo mzigo bandia.) Kupima redio ikiwa imetulia hakukuambii kitu, hapo ndipo mafundi wengi wanapobadilisha vipande visivyo na kosa.

Ukiona chini ya 11, anza na waya: mnene na mfupi. Halafu ing'oe ile dayodi, weka badala yake ya aina ya Schottky, 1N5822, inayokula chini ya nusu volti kwa ampea 2. Bado? Basi badala ya 7809 chukua regyuleta nyingine, LM2940 ya volti 9. Miguu yake inafuatana kama ya 7809, na hata kwa ampea 1 inatosheka na kama nusu volti ya ziada. Ila ina madeko: upande wa kutoka inataka kapasita isiyopungua maikrofaradi 22, karibu kabisa na miguu. Bila hiyo huanza kutetema yenyewe, na utakuwa umeondoa ugonjwa mmoja ukaleta mwingine.

*Nimekosa 7809 madukani, nikauziwa LM317 kwamba ni kitu kilekile. Nimeichomelea palepale, inaunguza kidole na redio iko kimya. Buhongwa.*

Si kitu kilekile, ni umbo tu. Ukiitazama kwa mbele, 7809 ni kuingia, ardhi, kutoka. LM317 ni kurekebisha, kutoka, kuingia. Zaidi ya hapo, bati la mgongoni la 7809 ni ardhi, la LM317 ni kutoka; ukilifunga na skrubu kwenye boksi la chuma bila karatasi ya mika, umeshapiga shoti. Ukitaka kuitumia, weka omu 240 kati ya kutoka na kurekebisha, na omu 1500 kati ya kurekebisha na ardhi: utapata kama volti 9.06. Lakini nayo inataka zile volti 2 za juu, kwa hiyo ndugu wa Nansio asiikimbilie.

*Kale kabodi ka kushusha volti, ka LM2596, hakapati moto. Nikaweke? Sengerema.*

Kwa kuchajia simu, sawa. Kwenye redio, hapana. Kanakata na kuwasha umeme mara 150,000 kwa sekunde, na kelele zake hujirudia kwenye kila kizidisho cha hiyo: kilohezi 150 mara 47 ni 7050, ndani ya masafa ya mita 40 unayosikiliza.

*Nina mita ya sindano ya miliampea 1 niliyoing'oa kwenye mashine mbovu. Nataka inionyeshe volti. Kirumba.*

Mali hiyo, usiitupe. Wengi watakuambia uunge rizista ya kilo-omu 15, upate 0 hadi 15. Itafanya kazi, ila betri yako inaishi kati ya 11 na 14.5, na hapo sindano itacheza robo tu ya uso wake. Mimi ningeunga dayodi ya zena ya volti 10 mfululizo na kilo-omu 5. Sindano inalala mpaka volti 10, inafika mwisho kwenye 15. Mwanzoni mwa kipimo zena huwa legevu, usipaamini sana. Sehemu ya ile 5 iwe rizista ya kuzungusha, ulinganishe na mita ya dijitali kwenye 13.8 na tena kwenye 11, kisha uchore alama upya.

Iunge mguu wa kuingia wa regyuleta, si kwenye betri. Betri inaweza kusoma vizuri huku redio inakufa njaa. Kama yako ni 7809, piga mstari mwekundu kwenye 11. Na kapasita ya nanofaradi 10 kati ya miguu miwili ya mita, la sivyo ukirusha sindano itacheza ngoma isiyo yake.