Chagua kichwa cha risasi kabla ya kuagiza mtutu

Wewe unayeagiza mtutu wako wa kwanza wa kulenga shabaha, fundi wa bunduki atakuuliza kaliba, urefu na msokoto wa michirizi, ile mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa cha risasi, na yote hayo utakuwa umeshayasoma. Akifika kwenye koo, wengi hujibu, "Weka la kawaida tu." Ndivyo nilivyojibu mimi.

Chemba ni nyumba ya ganda. Mbele ya shingo ya ganda, kabla michirizi haijaanza, pana kipande kifupi cha tundu laini, kisha michirizi inapanda taratibu hadi kukishika kichwa cha risasi. Hapo ndipo kooni. Kwa risasi ya 6.5 Creedmoor, viwango vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa bunduki na risasi cha Marekani, vinakipa kipande hicho laini inchi 0.199, yaani milimita 5 hivi. Kinaonekana kitu kidogo, lakini ndicho kinachoamua kichwa gani kitakaa vizuri ndani ya ganda na kipi kitakusumbua.

Mtutu wangu ulikerezwa koo fupi, maana nilikuwa natumia vichwa vyepesi vya greni 120 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa). Baadaye nikahamia vya greni 147, virefu zaidi, nikavipachika kwa urefu ule unaoingia kwenye magazini, bila kupima kitu kingine. Siku moja uwanjani, risasi ikiwa tayari chembani, msimamizi akaamuru tusimamishe kufyatua. Nikafungua bolti. Ganda likatoka peke yake. Kichwa kilibaki kimeng'ang'ania kwenye michirizi, na baruti ikamwagika yote ndani ya bunduki. Na hata ningefyatua, kichwa kilichobanwa kwenye michirizi hupandisha shinikizo.

Kwa hiyo anza na kichwa chenyewe, kisha magazini. Tengeneza risasi ya mfano isiyo na baruti wala kiwashio, yenye kichwa utakachokitumia, uhakikishe inaingia kwenye magazini bila kubanwa. Angalia pia sehemu ya kichwa iliyonyooka inaishia wapi ndani ya ganda: isishuke kupita pale shingo inapokutana na bega. Mpelekee fundi mwenye leseni risasi hiyo mkononi, akereze koo kwa kuifuata. Usimtajie urefu wa hadi nchani peke yake, maana ncha za vichwa hutofautiana hata ndani ya boksi moja. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa pale kwenye mbinuko wa kichwa, panapogusa michirizi. Paka wino wa kalamu nene hapo, uiingize risasi hiyo ya mfano taratibu chembani, na ukiitoa utaziona alama ndogo za michirizi zimekwangua wino. Ukiziona, imegusa.

Ukiwa na wasiwasi, agiza koo fupi kidogo kuliko refu. Fupi linarefushwa kwa rima ya koo, kifaa cha kukereza koo, na ni kazi ya muda mfupi. Refu halina dawa rahisi: itabidi mtutu ukatwe nyuma, chemba ikerezwe upya na nafasi ya ganda ipimwe tena kwa geji zote mbili, ile ambayo bolti lazima ijifunge juu yake na ile ambayo haitakiwi kujifunga.

Halafu koo halikai mahali pamoja. Moto wa baruti hulila, na michirizi inazidi kusogea mbele kadiri unavyofyatua. Mtutu ukifungwa tu, pima inapoanzia na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Mimi hupima tena kila baada ya risasi mia chache.