Moto, barafu na betri: jiko ndani ya chombo kidogo

Tangu upepo wa kusi uanze kutulia, maswali ya jiko la chombo yamenijia mengi kuliko ya tanga na mashine. Nimechagua sita. Mengine yanafanana, kwa hiyo aliyeuliza asipoona swali lake alitafute ndani ya la mwenzake.

Shikamoo fundi. Mashua yangu inabeba chumvi na korosho kati ya Mtwara na Kilwa, tuko mabaharia wanne. Tunapikia mkaa. Vijana wanasema ninunue gesi. Nifanyeje?
*Nahodha, Shangani*

Marahaba, nahodha. Hukusema kama mashua ina sitaha au iko wazi, na jibu lote limesimama hapo. Nitajibu pande zote mbili.

Kama iko wazi, baki na mkaa, ila urekebishe mahali pake. Tengeneza kasha la mbao lenye kingo ndefu, ndani lipigwe bati, kisha limwagiwe mchanga mkavu unene wa shubiri moja. Jiko lizame kwenye mchanga mpaka nusu ya miguu yake. Chombo kikilala, jiko halitambai. Kaa likidondoka, linadondokea mchangani. Weka kasha hilo nyuma ya mlingoti, mahali ambapo cheche hazipandi kwenye tanga, na lifungwe kwa kamba kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Jambo moja nakuomba uwaambie vijana wako kwa ukali: makaa yasiingizwe kamwe chini ya turubai au ndani ya chumba ili watu waote moto usiku wa mvua. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki.

Kama ina sitaha na chumba, gesi ni nzuri: inawaka upesi, haina majivu, na mvua haiizuii. Lakini gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja, inatoka chini ya mlango. Chombo hakina mlango wa chini. Kile ni beseni, na gesi inateremka mpaka kwenye ngama, kule maji yanakotuama, inakaa pale ikisubiri kiberiti au cheche ya pampu. Niliwahi kuinama kwenye ngama ya boti moja pale Mikindani nikakutana na harufu hiyo, na mwenye boti amekaa juu anavuta sigara. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye kibano, ufa mdogo usioonekana kwa macho. Mpaka leo nikipanda boti ya mtu, kitu cha kwanza nainusa ngama yake.

Kwa hiyo mtungi ukae nje, juu ya sitaha, ndani ya kasha lake lililozibwa upande wa chumbani, lenye tundu chini kabisa la kutolea gesi baharini, juu ya usawa wa maji. Ukishapika, funga koki ya mtungi kwanza, uache moto ujizimie wenyewe. Hapo mpira umebaki mtupu. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu, usiwashe.

Na lile jiko linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6, ambalo karibu kila nyumba ya Mtwara inalo, liache nyumbani. Uzito wote wa sufuria unakaa juu ya kitu chembamba, na wimbi moja la ubavuni linatosha kuumwaga uji wa moto kwenye mapaja ya mpishi. Nunua jiko la kawaida la mafiga mawili, fundi alining'inize kwa misumari miwili ya egemeo, moja mbele na moja nyuma, ili lipembee chombo kinapolala kushoto na kulia. Lizungushie kingo za chuma za kushikia sufuria. Sufuria isijazwe kupita nusu, na anayepika avae suruali ndefu hata kama jua ni kali.

Jiko la mafuta ya taa ni njia ya katikati. Haliogopeshi kama gesi, ila masizi yake na harufu huwapa kichefuchefu wageni wa bahari.

Babu, huku kwetu gesi inatoka ardhini na tunaambiwa ni nyepesi, inapaa. Mbona wewe husema inazama?
*Kijana, Msimbati*

Swali zuri sana, mjukuu wangu, na kuchanganya haya mawili kunaweza kuua. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, na ile ya Songo Songo ya 1974, ni gesi asilia. Sehemu yake kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, na ni kweli inapaa. Ile ya Mnazi Bay ndiyo inayosafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Ya mtungini ni propani na butani zilizogeuzwa kuwa kimiminika kwa mgandamizo, na huletwa nchini kwa meli. Hiyo inazama. Mvuke wa petroli ya mashine yako nao unazama vilevile, kwa hiyo dumu la petroli na jiko visikae chumba kimoja.

Nina boti ya faiba ya mita 9, nawapeleka wageni kupiga mbizi kwa siku mbili tatu. Nataka friji ndogo ya volti 12 na sola. Fundi wa mjini kaniambia paneli moja ya wati 100 na betri ya gari vinatosha. Ni kweli?
*Mfanyabiashara, Mikindani*

Havitoshi, kaka. Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii haikuwekwa mbele yako kabla ya kuombwa hela.

Friji ya lita 40 inakula wati 45 hivi mashine yake inapozunguka. Kwenye nchi ya baridi huzunguka kidogo. Kwenye joto letu, ikifunguliwa kila mara na wageni wanaotaka soda, ihesabie nusu ya siku. Wati 45 kwa saa 12 ni wati-saa 540. Taa tatu za LED za wati 5, saa nne kila usiku, ni 60. Simu na redio, weka 60 nyingine. Jumla 660 kwa siku.

Paneli haikupi namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Ihesabie saa tano za jua zuri, kisha upunguze asilimia 30 kwa ajili ya joto, chumvi kwenye kioo na upotevu wa njiani. Paneli ya wati 100 itakupa 350. Ya wati 200 itakupa 700, na hapo ndipo unapoanzia. Iweke mahali pasipopigwa na kivuli cha turubai wala mlingoti; kivuli kikifunika pembe tu, uzalishaji unaanguka vibaya kuliko unavyofikiri.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya usiku kucha, inakufa mapema. Tafuta betri ya sola. Ya madini ya risasi ya amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini usishushe chini ya nusu, kwa hiyo halali yako ni 600, hata siku moja haifiki. Unahitaji mbili. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo unaweza kutumia asilimia 80, yaani 960, na uzito wake ni kama nusu. Bei ndiyo inayouma. Waya wa kwenda kwenye friji uwe wa milimita za mraba 4, usikubali wa 1.5 uliobaki kwenye nyumba ya mtu, na fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri.

Sasa nikwambie ninachoamini. Kwa safari ya siku mbili au tatu, mimi nisingenunua friji. Ningetengeneza deli la maana, yaani kasha la kutunzia barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la wati-saa 93. Bonge la kilo 20 ni 1,860, ubaridi ambao friji yako ingeuhangaikia zaidi ya siku nzima. Wauza samaki wa feri wanalijua hili, ndiyo maana wanagombania mabodi ya friza mbovu. Deli lako liwe na foma ya sentimita 10 pande zote, mfuniko ufungukie juu ili ubaridi usimwagike, na ubebe bonge badala ya barafu iliyopondwa, kwani bonge huyeyuka taratibu. Soda za wageni ziwe na deli lake dogo. La nyama na samaki lisifunguliwe ovyo. Bomba la kutolea maji liende nje au kwenye ndoo. Ukiyaachia ngamani, maji ya samaki yatanuka wiki nzima.

Fedha utakayookoa inunue mtungi wa kuzimia moto na blanketi la kufunikia moto.

Inveta yangu ni ya wati 2,000. Birika la umeme litafanya kazi?
*Lindi mjini*

Birika la wati 2,000 kwenye volti 12 linavuta amp zaidi ya 160, ukiongeza upotevu wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ni kama 180. Nyaya zitachemka kabla ya chai. Chemsha kwenye jiko asubuhi, jaza chupa mbili za chai.

Mimi ndiye mpishi wa boti ya wageni. Mende wamenishinda, na unga unaota ukungu. Nihifadhije chakula?
*Dada, Kilwa Masoko*

Pole dada, kazi yako ndiyo ngumu kuliko ya nahodha. Mende hawaji kwa kuogelea. Wanapanda na maboksi, kwa kuwa hutaga kwenye mikunjo ya karatasi ngumu. Boksi lisivuke gati: fungua nchi kavu, pakua, liache hukohuko. Unga, mchele na sukari viingie kwenye ndoo za chakula zenye mfuniko unaobana, kiasi cha siku mbili kila ndoo, ili ukifungua moja unyevu usiharibu vyote. Ndoo za rangi hapana, hata zikioshwa mara kumi. Vitunguu na viazi vitundikwe kwenye nyavu, kila kimoja mbali na mwenzake, maana vikikaa pamoja huozeshana. Mayai ambayo hayajaoshwa hukaa vizuri bila friji kwa safari zenu hizi.

Na mwambie nahodha akufungie mkanda mpana mbele ya jiko, wa kuegemea kiuno. Mpishi anayejishikilia kwa mkono mmoja anakata kitunguu kwa mkono upi?

Maji kiasi gani, na madumu niyaweke wapi?
*Songo Songo*

Lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu wanne kwa siku tatu ni 60. Ongeza theluthi ya akiba, ni madumu manne ya lita 20. Hiyo ni kilo 80, kwa hiyo yalazwe chini kabisa, katikati ya chombo, mawili kila upande, na yafungwe. Anza kutumia moja la kushoto, linalofuata la kulia. Vyombo osha kwa maji ya bahari, suuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Dumu la akiba lifunge kwa kamba ya rangi tofauti, na ruhusa ya kulifungua awe nayo nahodha peke yake.