Wadogo zangu mnaoanza famasi Moshi, someni kemia ogani kwa tenofoviri

Wengi mnaingia mwaka wa kwanza na daftari zima la kemia ogani la kukariri. Liwekeni pembeni kwanza. Chukueni dawa moja ya VVU mtakayoitoa kila siku CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, tenofoviri, muifuate tangu kiwandani, na kila hatua muiulize: inatatua tatizo gani?

Mwanzo ni adenini, ileile iliyomo kwenye DNA. Inapashwa moto pamoja na kaboneti ya propileni ya umbo la R (R na S ni maumbo mawili ya molekuli moja, kama mkono wa kulia na wa kushoto), na alkali kidogo. Hapa msikimbie. Naitrojeni namba 9 ya adenini inaishambulia kaboni ya CH2 ya kaboneti, ile isiyobanwa, na kabonidayoksaidi inatoka. Kaboni inayobeba umbo la R haiguswi kabisa, na ndiyo siri ya hatua nzima, maana umbo la S ni dhaifu mno dhidi ya VVU. Adenini kidogo hujiunga kwa naitrojeni namba 7. Huo ni uchafu, na lazima uondolewe.

Kisha linaongezwa kundi la fosfonati, lenye fosforasi iliyoshikana moja kwa moja na kaboni. Kwa nini si fosfati? Vimeng'enya vya mwili huikata fosfati upesi, lakini kifungo hicho cha fosforasi na kaboni hakiachii kirahisi. Njia hii ilifunguliwa na mkemia Antonín Holý wa Prague na mtaalamu wa virusi Erik De Clercq wa Leuven, Ubelgiji. Mimi naiona ni kemia nzuri kuliko zote mtakazofundishwa mwaka huu.

Ila fosfonati ina chaji hasi, haipenyi utumbo. Kwa hiyo inavishwa kofia mbili za kaboneti za kuificha chaji hiyo, halafu inafanywa chumvi ya asidi fumariki. Pigeni hesabu wenyewe: chumvi ina uzito wa molekuli 635.5, tenofoviri yenyewe 287.2. Kwenye miligramu 300 za kidonge, dawa halisi ni kama 136.

Kofia hizo hukatwa na maji, ndiyo maana kopo lina kipakiti cha kunyonya unyevu. Wapo wagonjwa wanaohamishia vidonge kwenye karatasi ili kopo lisilie ndani ya daladala. Msiwagombeze. Waelezeni kuwa masika unyevu unakila kidonge, kisha waonyesheni jinsi ya kulizungushia kopo kitambaa ndani ya mkoba, likiwa limefungwa vizuri.