Busta si ushahidi kwamba chanjo ya kwanza ilishindwa

Swali: Daktari, mwanangu ana miezi 20. Sindano tatu za dondakoo, pepopunda na kifaduro alizimaliza akiwa mchanga, lakini kwenye kadi, mstari wa miezi 18, kumeandikwa busta na tarehe imeshatupita. Je, zile za mwanzo zimeisha nguvu, tuanze upya? Jirani yangu anasema nisihangaike, nimpe mtoto unga wa kuongeza kinga, maana kopo lake nalo limeandikwa busta. Ni kitu kimoja?

Jibu: Hamwanzi upya, mama, na unga wa jirani hauhusiani kabisa na busta iliyoandikwa kwenye kadi, yaani dozi ya nyongeza. Mpeleke mtoto kliniki wiki hii, kadi uende nayo. Dozi alizokwishapata hazifutiki kwa kuchelewa miezi miwili. Ataendelea pale alipoishia.

Sasa niseme linaloniudhi, kwa sababu wanaouliza kama wewe ni wengi na wengi wao wameshapotoshwa kabla hawajanifikia. Mtu akisikia busta, anahitimisha kwamba chanjo ya kwanza haikufanya kazi na wataalamu wanajaribu tena. Akishaamini hivyo, hatua inayofuata ni kusema kwamba hata hiyo ya pili haina maana, na mtoto anabaki nyumbani.

Ukweli ni kwamba busta haiwezi kufanya kazi yake kama zile za mwanzo hazikufanya yao. Dozi za msingi huufundisha mwili kuitambua sumu ya pepopunda au ya dondakoo. Mwili hutengeneza kingamwili, yaani askari wa damuni wanaoizuia sumu hiyo, na pia huacha seli za kumbukumbu, zinazokumbuka jinsi ya kuwatengeneza tena. Miezi ikipita, kingamwili hupungua. Hilo ni jambo la kawaida, halimaanishi kuna hitilafu. Busta inapoingia, zile seli za kumbukumbu huamka na ndani ya siku chache huzalisha kingamwili nyingi kuliko mara ya kwanza, na safari hii hudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mapengo kati ya dozi yamepangwa makusudi.

Utauliza kwa nini basi chanjo nyingine hazina busta. Inategemea ugonjwa. Virusi vya homa ya ini B huchukua wiki nyingi mwilini kabla ya kuleta ugonjwa, kwa hiyo seli za kumbukumbu hupata nafasi ya kuamka, na mtu mwenye afya aliyemaliza dozi zake kwa kawaida hahitaji nyongeza hata kingamwili zikishuka. Pepopunda haikupi nafasi hiyo. Sumu yake inaua kwa kiasi kidogo mno, kidogo hata cha kushindwa kuuzindua mwili ujikinge, na ndiyo maana aliyewahi kuugua pepopunda akapona bado anachanjwa. Hapa kingamwili lazima ziwe tayari kwenye damu kabla ya jeraha. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza, baada ya zile tatu za utotoni, nyongeza tatu: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Ya mwanao ni ya kwanza kati ya hizo.

Wala si kila dozi inayorudiwa ni busta. Dozi ya pili ya surua hutolewa hasa kwa ajili ya watoto wachache ambao miili yao haikuitikia ya kwanza. Kwa kuwa hatuwajui ni nani, tunawachanja wote. Chanjo ya mafua ya kila mwaka hurudiwa zaidi kwa sababu virusi vyenyewe hubadilika. Nayo homa ya manjano ilikuwa na nyongeza ya kila miaka 10 kwa wasafiri, hadi ilipothibitika kwamba dozi moja inawatosha watu wengi maisha yao yote. Tangu Julai 2016 cheti chake hakiishi muda. Dozi ikionekana haihitajiki, huondolewa. Anayedai kwamba busta zipo ili watu wachomwe sindano bila mwisho aeleze hilo lilitokeaje.

Kuhusu unga. Busta ya kwenye kadi inalenga magonjwa matatu yanayojulikana kwa majina. Unga hauna chembe yoyote ya kuufundisha mwili sumu ya dondakoo ikoje. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A anahitaji vitamini A, na kliniki humpa, lakini hata hiyo haimkingi na pepopunda. Hawa wauzaji wameliazima neno la kitabibu na kulibandika kwenye kopo kwa sababu wanajua mzazi ameshaliona kwenye kadi. Wengine huthubutu kusema unga wao "unasafisha" chanjo iliyopita. Huo ni uongo mtupu, na mwili wa mtoto ndio unaoulipia.

Na watu wazima wasijione wamepona. Miaka ya 1990 dondakoo ilirudi katika nchi zilizokuwa Muungano wa Sovieti ikaleta wagonjwa zaidi ya 150,000, wengi wao watu wazima ambao kinga yao ilikuwa imefifia. Kwa pepopunda hata kuchanjwa kwa majirani hakukusaidii, kwani vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na haviambukizwi na mtu. Mjamzito aulize hali ya dozi zake mapema, asisubiri miezi ya mwisho. Na yeyote aliyechomwa na msumari au kukatwa na kitu kichafu aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, akiwa anakumbuka au ameandika mwaka aliopata dozi ya mwisho.