Jibu kwa muuguzi mgeni: mgonjwa wa akili aliyepitia kwa mganga kwanza

Mwenzetu aliyepangiwa kituo cha afya wilayani Tandahimba ameuliza afanyeje na familia zinazompeleka mgonjwa wa akili kwa mganga, kisha kumleta kituoni hali ikiwa imeharibika. Nimehudumu kwa miaka mingi katika kliniki ya afya ya akili mkoani Mtwara, na ninamshauri aulize kabla ya kukataza.

Madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika mwaka 1998 kwamba mtoa huduma hafuzu utamaduni wa watu wengine, bali huendelea kujifunza huku akiyachunguza mamlaka aliyo nayo mbele ya mgonjwa. Huku kwetu mamlaka yenye uzito zaidi mara nyingi ni ya mjomba. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo baba aliyemleta kijana na kuitikia kila unachosema huenda hana kauli ya mwisho, na mjomba asiposhirikishwa vidonge vitabaki kwenye mfuko vilimotiwa. Hata hivyo, usimtafute mjomba kwa kuangalia kabila tu, kwani zipo familia ambazo baba au bibi ndiye mwamuzi. Uliza ni nani anayeamua, kisha omba aje au apigiwe simu wenyewe wakiwapo.

Waulize pia wanaona ni nini kilichomsibu mgonjwa. Wakitaja mashetani, usicheke wala usijifanye kuamini, maana watu wazima hutambua yote mawili. Mimi huwaambia kwamba dua na ngoma sizizuii, ila naomba kujua kila dawa ya miti anayokunywa, kwa kuwa nyingine huenda zisipatane na zetu. Minyororo, viboko na kunyimwa chakula navikataa waziwazi. Kuheshimu mila hakufiki huko.

Jambo la mwisho ni tarehe. Katika msimu wa korosho, hasa Oktoba hadi Desemba, wengi huhamia mashambani, na muuguzi anayepanga siku ya sindano ya mwezi bila kuuliza ataandika "mtoro" mbele ya jina la mtu anayeokota korosho. Kwa wenye kifafa, ambao ni wengi katika kliniki zetu, kukatisha dawa ghafla kunaweza kurudisha degedege kwa nguvu, kwa hiyo akiba ikiruhusu wapewe za kuwatosha hadi watakaporudi kijijini.