Kabla hujaja Ujerumani kusomea chekechea, jifunze kutulia

Juzi binti mmoja kaniandikia inboksi kutoka Mbeya, "Shikamoo dada, nimepata nafasi ya Ausbildung, yale mafunzo ya kazi, ya ulezi wa chekechea huko Ujerumani, nimefundisha vidudu miaka miwili so uzoefu ninao, nijiandae na nini?" Marahaba mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa ufupi nikashindwa, maana hilo la uzoefu ndo lililoniliza mimi, acha niandike hapa mnaojipanga kuja msome wote.

Mi nilikuja na miaka minne. Darasa langu watoto arobaini, wote wanahesabu mpaka mia, wazazi wananisifia getini, nikajua huku nakuja kumalizia makaratasi tu. Siku ya kukaguliwa mwalimu wa chuo kakaa kwenye kona na daftari lake, watoto wana vitofali vya mbao, katoto kamoja kakaanza mnara umepinda, nikaunyoosha. Kakaendelea, nikaunyoosha tena, nikakaonyesha tofali kubwa linakaa chini. Kakaacha kucheza kabisa, kakabaki kunitazama mikono. Nikafeli. Mwalimu aliniuliza swali moja tu, "Mnara ulikuwa wa nani?" na mpaka leo nikilikumbuka naumia, kwa sababu siku ile nilijituma kweli.

Jumamosi yake nikapanda treni ya Erfurt kwenda Saalfeld nikashuka Bad Blankenburg, kamji ka mapumziko huku jimbo la Thüringen, misitu kila upande, ngome ya Greifenstein iko juu kilimani. Hapo ndo Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani, alipoanza kazi yake ya kulea watoto kwa michezo mwaka 1837, na tarehe 28 Juni 1840 akazindua Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Neno zima hilo mnalolisikia dunia nzima limetokea kwenye kamji kale, na ni bustani kwelikweli, mche unaupa maji na jua, huuvuti majani ili urefuke!

Kilichonishika ni kiboksi chake cha mbao chenye mfuniko wa kusukuma. Unakipindua mezani, unachomoa mfuniko kwa chini, unanyanyua boksi taratibu, mchemraba unabaki umesimama mzima, ndani yake vijichemraba 8. Mtoto anauona mzima kwanza ndo auvunje, ajenge anachotaka, na vyote 8 vitumike, kikibaki kimoja nacho kitafutiwe kazi, akimaliza anavirudisha viwe kitu kimoja tena. Nilikaa pale muda mrefu sana. Mtu aliyefiwa na mama kabla hajafika hata mwaka mmoja ndo alifikiria hivi kuhusu watoto wa wenzake, halafu 1851 serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani enzi hizo, ikapiga marufuku chekechea zake, yeye akafariki Juni 1852, marufuku imekuja kuondolewa 1860. Hakuiona siku hiyo. Mimi nalia na mtihani mmoja wa kurudia!

Sasa mdogo wangu nisikilize. Kijerumani kaza, usije na cha kubahatisha, watoto wa miaka mitatu wanaongea haraka na hawarudii. Ila kubwa zaidi ni kutulia. Kuanzia kesho hapo hapo Mbeya kaa na watoto wako dakika kumi usiseme kitu, usinyooshe kitu, angalia tu, jioni andika ulichokiona. Kesho yake tena. Utaona ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Sisi walimu tumezoea kushindana nani watoto wake wanaandika mapema, mtoto wa miaka mitatu ameshikishwa penseli mpaka vidole vinamuuma na tunaita maendeleo, jamani tuache, tunawanyang'anya kitu ambacho hatutaweza kuwarudishia.

Nilirudia ule ukaguzi na nimefaulu, namshukuru Mungu. Safari hii nilikalia mikono yangu kabisa. Kuna kijana alikuwa anajenga daraja, likaanguka mara tatu na mara zote tatu moyo wangu ulitaka kuruka kwenda kumsaidia, ya nne likasimama, akapitisha gari lake chini polepole, wala hakuangalia kama niko pale.