Umeitwa Usaili wa Pili: Jua Unaitiwa Nini

Kijana akipigiwa simu kwamba amepita hatua ya kwanza na Alhamisi arudi tena, mara nyingi anachofanya ni kukariri upya yale yale. "Tueleze kuhusu wewe", uwezo wako, udhaifu wako, miaka mitano ijayo unajiona wapi. Anafika amejiandaa kwa mtihani alioshafaulu.

Mimi ni msaili, kwenye kampuni ya kusambaza bidhaa Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na wadogo zangu nawaambia hivi: usaili wa kwanza ni mchujo. HR, yaani afisa rasilimali watu, ana rundo la CV, anataka kuhakikisha kuwa wewe ndiye uliyeandikwa pale, vyeti vipo, na kujieleza unajua. Usaili wa pili mmebaki watatu au wanne na kazi wote mnaiweza. Swali linakuwa jingine: kati ya hawa, nani nimwachie hii meza nami niendelee na shughuli zangu? Tena anayeuliza siyo HR, ni yule atakayekuwa bosi wako, ambaye ukivuruga lawama zinamwangukia yeye.

Kwa hiyo wakikupigia, uliza pale pale: "Samahani dada, nitakutana na nani, na kutakuwa na zoezi la vitendo?" Hakuna anayechukia swali hilo. Ukiambiwa utakaa na mkuu wa fedha, nenda na hesabu zako kichwani. Ukiambiwa mkurugenzi, jua dakika zake ni chache, na kwa kawaida anatafuta mambo mawili tu: kwa nini umekuja kwake, na kama utakaa.

Zoezi la vitendo ndilo linaloangusha wengi, na siyo kwa sababu ni gumu. Nawapa mfano wa nafasi ya mkusanya madeni. Unapewa karatasi yenye orodha ya maduka: Manzese, Buguruni, Tandika, Kariakoo. Mzee wa Kariakoo anadaiwa milioni nane, ankara ya wiki mbili zilizopita. Mama wa Tandika anadaiwa laki sita za miezi minne. Gari ni moja, siku ni moja. Unaanzia wapi?

Wengi wanairukia milioni nane kabla hawajamaliza kusoma. Chini ya karatasi pameandikwa kwamba wateja wanapewa siku 30 za kulipa, maana yake mzee wa Kariakoo bado yuko ndani ya muda wake. Ukimvamia dukani mbele ya wateja wake, umetuharibia mteja mkubwa. Kuna binti mmoja alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Huyu mama wa Tandika bado anachukua mzigo kwetu?" Meneja mauzo, ambaye muda wote alikuwa anachezea simu, akaiweka mezani. Kama bado anachukua, deni linakua na kuna mtu wetu anamruhusu. Kama ameacha, huenda hata duka limeshafungwa. Hesabu za binti yule mwishoni zilikuwa na kosa dogo, wala halikutusumbua. Hesabu anaweza kufundishwa. Sisi tulikuwa tunatafuta mtu anayeuliza kabla ya kuwasha gari.

Halafu kumbuka kwamba uliyosema mara ya kwanza yameandikwa. HR hukaa pembeni na ile karatasi. Kama ulisema uko tayari kupangiwa Mwanza, leo usije na habari za mgonjwa nyumbani, labda iwe kweli na uieleze wazi. Ukitoka usaili wa kwanza, hata ukiwa bado kwenye daladala, andika maswali yote uliyoulizwa. Lile ulilobabaika litarudi, mara nyingi likiwa limevaa nguo nyingine.

Sasa pesa. Hatua ya kwanza mtu anaweza kukwepa, hatua ya pili utaulizwa unataka kiasi gani, na wengi hutaja namba bila kujua wanataja ya kabla au ya baada ya makato. Chukua mshahara wa 800,000. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 kwa upande wako, inaondoka 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa viwango vinavyotumika ninapoandika, 270,000 ya kwanza haina kodi, 250,000 inayofuata inakatwa asilimia 8, yaani 20,000, na 200,000 iliyobaki inakatwa asilimia 20, yaani 40,000. Kodi yote 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Mkononi unapokea 540,000. Kama unakaa Chanika na kazi iko Mikocheni, toa na nauli kabla hujasema "laki nane inanitosha". Taja kiwango ulichopigia hesabu, sema ni kabla ya makato, na kama wana posho ya usafiri au bima ya afya waulize hapo hapo. Jibu la "chochote mtakachonipa" linamtia wasiwasi mwajiri kuliko namba kubwa, kwa sababu anajua baada ya miezi mitatu utaanza kutafuta kwingine.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza. Nafasi hii ni mpya au kuna mtu ameondoka? Kipindi cha majaribio ni muda gani, na mtanipima kwa lipi? Swali la likizo liache; siku 28 kwa mwaka zipo kisheria, na kuliulizia mapema kunaleta picha mbaya, hata kama siyo haki.

Kuhusu kufika: hakikisha ni ofisi ile ile. Mara ya kwanza unaweza kuitwa Posta, mara ya pili ghalani Vingunguti.

Wa serikalini, utaratibu wenu ni tofauti kidogo. Kwa Sekretarieti ya Ajira, usaili wa maandishi ndio mchujo, na ukipita unakuja wa mahojiano. Hapo beba vyeti halisi, siyo hati za matokeo, na kama jina la kitambulisho cha NIDA halifanani na la cheti, shughulikia mapema, usisubiri asubuhi ya usaili.

La mwisho ni wadhamini, wale uliowataja kwenye CV. Baada ya usaili wa pili ndipo tunapowapigia, mara nyingine siku ile ile. Nimewahi kumpigia mhadhiri mmoja akaniuliza, "Nani huyo?" Mpigie wako leo, msalimie, mwambie umeomba kazi gani na kampuni inahusika na nini, na hakikisha namba uliyoandika kwenye CV bado anaitumia.